Walinifungia akaunti kwa kusema kesho Mombasa hatupigi kura ya gavana. Kweli hatukupiga. Mnasemaje wadau?

#1 Mwana_wa_Kisauni
Wakuu, salaam. Kisa ni cha 2022 lakini naona 2027 inabisha hodi, kwa hiyo nakileta.

Tarehe 8 Agosti 2022, mkesha wa uchaguzi wa Kenya, shemeji yangu aliyekuwa ameajiriwa karani wa muda alinipigia akasema karatasi za kura ya ugavana Mombasa zina makosa kwenye picha na maelezo ya wagombea, huenda kura hiyo ikasogezwa. Nikaandika kwenye mtandao mmoja, mstari mmoja tu: "Wana Mombasa, gavana kesho hatumpigii kura." Haikupita saa moja nikaletewa ujumbe kwamba nimesambaza uongo kuhusu uchaguzi. Posti imefutwa, akaunti imefungwa siku 3.

Jioni ile ile marehemu Chebukati, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi wakati ule, akatokea kwenye televisheni: ugavana Mombasa na Kakamega umesitishwa. Tulikuja kupiga tarehe 29. Akaunti yangu ilirudi tarehe 11 bila hata samahani.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Kijiweni hakuna aliyesema "pole, walikosea." Walisema: "Kama ni uongo, mbona waliufuta haraka hivyo? Kuna kitu." Mpaka leo wapo wanaoamini mtandao ule na Tume walikuwa wanaongea. Mimi ninavyoona, kufuta posti wakati wa uchaguzi kunaua imani kuliko uongo wenyewe. Kilichonituliza mimi ni zile Fomu 34A, fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, kuwekwa kwenye tovuti kila mtu azione. Nikosoeni.

#2 BabuTarumbeta
Nimevuta kiti. Swali moja: wewe uliiona karatasi, au ni maneno ya shemeji?

#3 Mwana_wa_Kisauni
Maneno ya shemeji.

#4 Sungura_Mpole
Basi babu amekumaliza. Saa ile unaandika, ulikuwa umebeba uvumi. Kwamba baadaye ulitokea kuwa kweli ni bahati yako. Siku ile ile watu wangapi waliandika uchaguzi umeahirishwa kaunti fulani, wasitoke nyumbani? Huyo anayekaa kwenye mtambo atajuaje shemeji yako ni karani na shemeji wa mwenzako ni mlevi?

#5 Mwana_wa_Kisauni
Angeweza kuacha posti na kuweka alama "haijathibitishwa". Kufungia mtu siku 3, na hizo 3 ndizo siku za kura, ni kitu kingine. Na shemeji halewi.

#6 Kipepeo_wa_Thika
Mleta mada usijione umeonewa peke yako, walioachwa ndio hatari. Mmesahau Julai 2022? Mashirika ya Global Witness na Foxglove walitengeneza matangazo 20 ya chuki za kikabila, mambo ya kuchinjana, kwa Kiingereza na Kiswahili, wakayapeleka Facebook waone kama yatapita. Yalipita yote. NCIC, ile tume ya uwiano wa kitaifa, wakatoa wiki moja kampuni ijirekebishe la sivyo ifungiwe, halafu mawaziri Matiang'i na Mucheru wakasema hakuna kufunga mtandao. Wewe umefungiwa kwa habari ya karatasi, na tangazo la kuchinja limekubaliwa na hela ingepokelewa.

#7 Sungura_Mpole
Sahihisho dogo kwa Kipepeo: ya Kiingereza hayakupita mara moja. Machache yalirudishwa kwanza, sababu wakaambiwa ni sarufi na lugha chafu. Wakanyoosha sarufi, yakapita. Ya Kiswahili ndiyo yaliyopita moja kwa moja. Na hayakuwahi kuonyeshwa kwa watu, waliyatoa wenyewe kabla.

#8 BabuTarumbeta
Yaani ukitaka kumtukana jirani yako mtandaoni, zingatia ngeli. Mwalimu wangu wa darasa la sita angefurahi.

#9 Jicho_Halilali
Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo natoka. Nilifanya hiyo kazi ya kukagua maudhui, Nairobi, kampuni siitaji na nilisaini karatasi ya kunyamaza. Nitasema yale ambayo hayamhusu mtu.

Mnadhani kuna mtu anakaa anafikiri habari za Kenya. Hakuna. Kuna foleni. Kitu kinakuja kwenye skrini, una sekunde chache, unabonyeza sababu kutoka kwenye orodha, kinakuja kingine. Kinachofuata kinaweza kuwa video ya mtu anakatwa, halafu kinafuata cha siasa za Nyeri, halafu mtoto. Ukitoka hapo unakwenda kupanda matatu na huongei.

Suala la lugha. Kumbukeni neno "madoadoa". Seneta mmoja alilitamka Eldoret Januari 2022, akakamatwa, kwa sababu kule linakumbusha watu ghasia za uchaguzi wa 2007, walivyoitwa watu wa makabila mengine. Likaingia kwenye orodha ya maneno ya kuangaliwa. Basi wiki hiyo nilimwona mama anauza vitambaa, "madoadoa meupe, mita mia mbili hamsini", posti yake imeshafutwa na mtambo. Na nikaona mwingine ameandika "msimu wa kung'oa kwekwe umefika, andaeni majembe", na hakuzungumzia shamba. Mtambo uliona ni kilimo. Nilimpandishia msimamizi wangu, naye hakujua Kiswahili, akaniuliza kwekwe ni nini, nikamwambia magugu, akasema sasa tatizo liko wapi.

Kwa hiyo Mwana wa Kisauni, aliyekufungia pengine si adui wala rafiki wa Tume. Pengine hakuna aliyekusoma kabisa.

#10 Mwana_wa_Kisauni
Daah. Pole sana ndugu. Huyo mama wa vitambaa mlimrudishia?

#11 Jicho_Halilali
Nilibonyeza rudisha. Kama ilirudi sikujua, foleni ilikuwa imesogea.

#12 Kipepeo_wa_Thika
Na mishahara yenyewe mnaijua. Daniel Motaung, aliyekuwa mkaguzi, alipoishtaki Meta, wenye Facebook, na Sama, kampuni iliyomwajiri, Mei 2022, iliandikwa kwamba wengine walilipwa kama dola moja na nusu kwa saa. Mwaka uliofuata Sama wakaacha kazi hiyo, watu 260 nje, na 184 wakaenda mahakamani. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta anaweza kushtakiwa Kenya. Halafu mnataka mtu huyo alinde uchaguzi wenu.

#13 Fundi_Bando
Nawasoma kutoka Arusha huku natabasamu kwa uchungu. Nyie Wakenya mnalia lebo na akaunti siku 3. Kwetu Oktoba 2020, mkesha wa kura, Twitter na WhatsApp zilianza kugoma, tukaishi kwa VPN. 2023 TCRA, wadhibiti wa mawasiliano, wakasema mwenye VPN ajisajili. Mei 2025 X ikafungwa. Septemba jukwaa kubwa la mijadala likasimamishwa siku 90. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura yenyewe, intaneti ikakatika nchi nzima, ikarudi siku kama tano baadaye. Aliyekuwa Minnesota alijua ya mtaani kwangu kabla yangu.

Nina duka la miamala ya simu. Siku hizo tano mteja anakuja na elfu kumi, anataka kutuma kwa mama yake Singida, namwambia hamna mtandao, ananiuliza, "Kwani matokeo yameshatoka?" Namwambia sijui. Ananiangalia kama nimemficha.

Yalipotangazwa matokeo, Samia asilimia 97 na ushee, kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani na hakuna hata moja iliyopatikana kwa kuona fomu. Sisi hatukufika hatua ya kulalamikia wakaguzi.

#14 Sungura_Mpole
Mkuu Fundi, nakubali, lakini hayo ni mambo mawili. Serikali kuzima ni serikali. Uzi unauliza kampuni kufuta.

#15 Mzee_wa_Boda_KLA
Si mawili bwana Sungura. Njoo Kampala. Januari 2021, siku chache kabla ya kura ya tarehe 14, Facebook ilifuta akaunti ikisema zinaendeshwa kwa ujanja kutoka kwenye kituo kimoja cha wizara ya habari, zinajifanya watu wa kawaida wanaoisifu serikali. Kwa maelezo yako hiyo ilikuwa kazi nzuri ya kampuni, si ndiyo? Kesho yake Museveni akasema hatuvumilii kampuni ya nje ituchagulie nani mzuri nani mbaya. Facebook ikafungwa. Tarehe 13 usiku intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Facebook yenyewe miaka ikapita bado imefungwa. Sisi wa boda tunaingia kwa VPN kuangalia picha za harusi.

Waliosherehekea akaunti kufutwa ndio walewale waliokosa pa kuonyeshea video za vituoni. Na wa upande wa pili wakapata la kusema: mmeona, wazungu wana mgombea wao.

#16 Kivu_Kwetu
Jambo wote. Kwetu Kongo tulipiga kura 30 Desemba 2018, kesho yake intaneti na SMS vikakatwa, tukakaa karibu siku 20. Sababu iliyotolewa: kuna matokeo ya uongo yanazunguka mitandaoni. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi kama elfu 40, wakasema wanajua nani ameshinda, lakini kila mtu alijua kwa mdomo tu. Na Beni na Butembo hawakupiga kura hata hiyo, walisukumwa hadi Machi kwa ajili ya Ebola na vita. Siku ile ya 30 watu wa Beni wakajipangia mstari wao, wakajitengenezea karatasi, wakapiga kura yao ya bure. Picha zake ndizo za mwisho nilizopokea kabla simu haijakuwa tochi.

Ndiyo maana mtu akisema "tunaondoa matokeo ya uongo", mimi nashika mfuko.

#17 BabuTarumbeta
"Simu haijakuwa tochi" nimeichukua.

Lakini vijana mnaongea kana kwamba shida ilikuja na simu zenu. 2007 Facebook kwetu ilikuwa ya watoto wa chuo. Tarehe 30 Desemba matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku, na usiku ule uvumi ulitembea kwa SMS za shilingi chache, redio za lugha za nyumbani na mdomo. Nilikuwa Nakuru. Jirani yangu alikuja na redio mbili, moja kila sikio, kwa sababu haamini yoyote peke yake. Imani ilikufa siku mwenyekiti wa Tume mwenyewe aliposema hajui kama aliyemtangaza alishinda. Hakuna posti ya kufuta hapo.

Halafu 2017: Msando, mtu wa mitambo ya Tume, anauawa siku chache kabla ya kura. Mahakama inaagiza seva zifunguliwe, Tume inasuasua, tarehe 1 Septemba uchaguzi unafutwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule pengine neno lake la kwanza lilikuwa "seva". Mtu wa hali hiyo umwekee lebo ya "habari hii haijathibitishwa" atakuuliza nani amekuthibitisha wewe.

#18 Namba_Hazidanganyi
Nimesoma uzi wote. Nataka kumpinga mleta mada kwenye sifa anazoimiminia tovuti ya fomu.

Vituo vilikuwa 46,229. Kila kimoja fomu yake, imepigwa picha kwa KIEMS, kile kifaa cha kielektroniki cha Tume, imepandishwa, unapakua. Asubuhi yake nyingi zilikuwa zimeshafika. Safi. Ilitokea nini? Kila chombo cha habari kilianza kujumlisha kivyake, kimoja kimeanzia Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, kingine Nyanza, ngome ya Raila. Saa moja Ruto anaongoza kwenye televisheni hii, Raila anaongoza kwenye ile. Watu hawakusema "wameanza na fomu tofauti." Walisema hiki kituo kimenunuliwa. Halafu vyombo vikapunguza kasi, vingine vikanyamaza, ikawa mbaya zaidi: wamepigiwa simu!

Na 0.01? Ruto 50.49, Raila 48.85, Wajackoyah 0.44, Mwaure 0.23. Jumlisha: 100.01. Wale makamishna 4 wa Tume waliojitenga na matokeo wakasema hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,420, na hata hizo hazipo, ni kukadiria desimali. Namba zote zilikuwa wazi, kikokotoo kiko kwenye kila simu, na nchi nzima ilibishana siku mbili. Tofauti ya wagombea ilikuwa 233,211.

#19 Mwana_wa_Kisauni
Namba, mimi sikusema ilileta amani. Nilisema ilinituliza MIMI. Nilipakua ya kituo changu, nikaona saini ya wakala ninayemjua, nikaenda kulala.

#20 Namba_Hazidanganyi
Umelala kwa fomu 1 kati ya 46,229. Hiyo ni imani, siyo hesabu.

#21 Mama_Zuhura
Acheni niwaambie uongo unakokaa, maana hapo kwenye Facebook na X mnapozana bure. Unakaa kwenye kundi la WhatsApp la familia, na hakuna mkaguzi duniani anayeingia humo.

Mimi ni admini wa kundi la ukoo, watu 94, Lamu mpaka Muscat. Agosti ile usiku wa pili akaingia mjomba na picha ya Fomu 34A, imepigwa kwa simu, mgombea mmoja kapata 4 mwingine kapata 211. "Angalieni wizi!" Sauti za vilio. Mpwa wangu wa kidato cha tatu akachukua namba ya kituo, akaenda kwenye tovuti, akaleta ile halisi: ni 411. Mtu alifuta tarakimu mbili, unaona kabisa karatasi imepauka pale palipofutwa.

Nikamwomba mjomba aifute. Akasema: "Kwa hiyo na wewe umenunuliwa?" Nikaifuta mwenyewe kwa mamlaka ya uadmini. Akatoka kundini. Akaanzisha lake. Sasa ana watu 60, na hamsini ni wangu. Arusi ya mwanangu alikuja lakini alikaa meza ya nyuma.

Kwa hiyo Mwana wa Kisauni uko sawa na hauko sawa. Fomu ilinisaidia. Kufuta kuliniharibia. Lakini nisingefuta ingefika Lamu kwa dakika tano.

#22 Muscat_Usiku
Mama Zuhura, mimi niko kwenye kundi la mjomba 😂 Bado anaituma ile fomu kila Agosti.

#23 Mama_Zuhura
Wewe mtoto wa nani?

#24 Muscat_Usiku
Shangazi nitakuja inbox.

#25 Mkono_Mtupu
Niongeze dhambi yangu. Wengi wenu mnajadili kama uongo unaota wenyewe. Unalipiwa. Nilikuwa chuo, tunaingizwa kundi la WhatsApp asubuhi, tunapewa hashitegi, picha na mifano ya maneno, tunaambiwa saa nne kamili wote. Jioni M-Pesa inalia. Ile ripoti ya shirika la Mozilla ya 2021 ilisema dola 10 hadi 15 kwa kampeni, nami niliona kama mtu amesoma simu yangu. Tulichokuwa tunatafuta ni itrendi. Ikitrendi, magazeti yanaandika "Wakenya mtandaoni wakasirika". Wakenya hao tulikuwa hosteli moja.

Siku moja tulipewa kazi ya kuwasema majaji. Sikuwa na chuki nao yoyote. Nilikuwa na deni la chakula.

Akaunti zetu zilifungwa mara mbili. Tuliona kama mvua, unangoja inapita, unafungua nyingine. Waliokaa kimya baada ya kufungiwa ni watu kama mleta mada, wenye akaunti moja na jina lao halisi.

#26 Sungura_Mpole
#25 ndiyo hoja bora ya uzi huu mpaka sasa. Nafuta nusu ya niliyosema #4.

#27 Kipepeo_wa_Thika
Na TikTok ilikuja 2022 kuchukua pale X ilipoishia. Mozilla haohao waliangalia video zaidi ya 130 kutoka akaunti 33, zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4, nyingine za kutisha watu na kumbukumbu za 2007. 2027 itakuwaje sijui: Twitter ilifukuza karibu ofisi nzima ya Accra Novemba 2022, Meta Januari 2025 akaachana na wahakiki wa habari.

#28 Jicho_Halilali
Marekani, Kipepeo. Tangazo lile la wahakiki lilikuwa la Marekani. Usitangulie.

#29 BabuTarumbeta
Na Tume mpya je? Ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi mwenyekiti mpya Ethekon na wenzake walipoapa Julai 2025. Miaka miwili na nusu nyumba haina mtu, halafu tunauliza kwa nini watu wanaamini mjomba wa Mama Zuhura.

#30 Shemeji_Karani
Nimetumiwa huu uzi. Mimi ndiye shemeji. Kwanza silewi, asanteni.

Pili, karatasi niliziona kwa macho, kwenye mafunzo ya mwisho watu walikuwa wanaonyeshana. Nilimwambia ndugu yangu asiandike. Akaandika.

Tatu, kuhusu hizo fomu mnazozipenda. Ile 34A inajazwa usiku, macho yamechoka tangu saa kumi alfajiri, taa ya darasa moja inawaka moja haiwaki, mawakala wanane wamekuinamia na mmoja ananukia miraa. Unaandika kura za kila mgombea, halafu jumla. Unabandika nakala mlangoni. Mimi nilishika tochi ya simu wakati msimamizi wa kituo anapiga picha kwa KIEMS. Ukiangalia vizuri kwenye tovuti utaona kivuli cha kidole changu kwenye kona.

#31 Namba_Hazidanganyi
Shemeji karibu sana. Unazo namba za kituo chako? Jina la kituo liache.

#32 Shemeji_Karani
Nina picha kwenye simu. Wagombea wanne: 168, 247, 2, 1. Nikijumlisha, kura halali 418. Zilizokataliwa 3.

#33 Mwana_wa_Kisauni
Sawa sawa. 418.

#34 Namba_Hazidanganyi
Nimeipata hiyo fomu, nimeitafuta kwa hicho kidole 😂. Lakini mimi hapo kwa wa tatu naona 7, si 2. Ikiwa 7 jumla ni 423. Pale kwenye jumla imeandikwaje?

#35 Shemeji_Karani
Ni 2. Msimamizi wetu alikuwa anaandika mbili yake hivyo, inaanguka mbele.

#36 Namba_Hazidanganyi
Kwenye jumla imeandikwaje, shemeji?

#37 Shemeji_Karani
Hapo kwenye jumla ndipo kidole kilipo. Nakala ya mlangoni nadhani wakala mmoja aliipiga picha. Namtafuta jioni nikitoka kazini.